Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Kutoka Jani hadi Dozi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Maonyesho yetu yanahusu dawa za vimelea zitokanazo na mimea. Kwinini ilitenganishwa kutoka magome ya sinkona mwaka 1820. Emetini ya mizizi ya ipekakuana iliua amiba wa kuhara damu, ila iliumiza moyo, ikaachwa. Leo tumejikita kwenye mmea wa artemisia, kwa sababu ndiyo watu wanayoichemsha na kuinywa bila kipimo.

Tabibu Ge Hong wa China, katika karne ya 4, aliagiza konzi ya majani ya artemisia ilowekwe majini, ikamuliwe, maji yake yanywewe. Hakutaja kuchemsha. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipoyasoma maelezo hayo alishuku kuwa moto ndio unaoharibu dawa, akatumia kiyeyushi cha etha, kinachochemka kwa nyuzi joto 35 tu, kisha akaondoa sehemu yenye asidi, iliyokuwa na sumu. Oktoba 1971 sampuli namba 191 ilimaliza vimelea vyote vya malaria katika panya wa maabara.

Artemisinini, dawa iliyomo katika artemisia, ina daraja la oksijeni mbili ndani ya molekuli yake. Kimelea kinapomeng'enya himoglobini ya damu, chuma kinachotoka humo hulivunja daraja hilo, na vipande vyake huharibu protini za kimelea chenyewe.

Basi chai ina kasoro gani? Artemisinini haiyeyuki vizuri majini, na kiasi chake katika jani hutofautiana kwa mbegu, msimu wa kuvuna na ukaushaji. Lita moja ya chai ya gramu 9 za majani ilipopimwa ilikuwa na miligramu 94.5, takriban asilimia 19 ya dozi ya siku ya mtu mzima, ambayo ni miligramu 500. Homa hushuka, mgonjwa hujiona amepona, vimelea vilivyosalia huzaana upya. Hapo pia usugu wa vimelea dhidi ya dawa hupata njia. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo, nasi tunaunga mkono bila kusita.

Dawa mseto ya artemeta na lumefantrini imepangwa kuziba pengo hilo. Artemeta, itokanayo na artemisinini, hupiga kwa nguvu na kuisha mwilini kwa saa chache; lumefantrini hubaki siku kadhaa kumalizia. Mtu wa kilo 35 au zaidi humeza vidonge 4 mara 6 ndani ya siku 3: dozi ya kwanza, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta, la sivyo lumefantrini hainyonywi vya kutosha.

Mheshimiwa, tunakusudia kuitambua artemisinini wenyewe: majani yaliyokaushwa kivulini yasagwe, yalowekwe kwenye kiyeyushi cha heksani, yachujwe, tone liwekwe kwenye bamba la silika, la kutenganishia kemikali. Haionekani vizuri chini ya taa ya urujuanimno, hivyo bamba hunyunyiziwa kemikali ya anisaldehidi yenye asidi na kupashwa moto ndipo doa litokee. Mvuke wa heksani hushika moto upesi, na mizani yetu haisomi miligramu.

Kwa hiyo tunaomba kabati la kuvuta mvuke na mizani nyeti.

Tunaomba kuwasilisha.