Kasi ya Space Invaders haikupangwa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu michezo ya kale ya video ilieleza kwamba wavamizi wa Space Invaders, mchezo wa kuwapiga risasi wavamizi kutoka angani wanaoshuka kwenye skrini, wamepangiwa kuongeza kasi kadiri wanavyouawa. Sivyo. Kasi yao haikupangwa na mtu, na dhana kwamba ilipangwa ndiyo inayoharibu nakala nyingi za mchezo huo zinazoundwa na wanaojifunza kuandika programu.

Mchezo huo ulibuniwa na Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, Japani, ukatoka mwaka 1978. Kichakataji chake ni Intel 8080 cha megahezi 2. Wavamizi ni 55, mistari mitano ya 11. Kuwachora wote katika kila fremu, yaani kila picha moja ya skrini, ulikuwa mzigo usiobebeka, hivyo programu humsogeza mmoja tu kwa fremu, na fremu ni 60 kwa sekunde. Kundi zima huhitaji fremu 55 kupiga hatua moja, karibu sekunde nzima. Wakibaki 10, hatua ileile huchukua fremu 10. Akibaki mmoja, hupiga hatua kila fremu, ndiyo maana huwaponyoka hata walengaji hodari. Nishikado aliiona tabia hiyo, ikampendeza, akaiacha.

Kwa hiyo anayeunda nakala asitafute fomula ya kasi. Aweke orodha ya wavamizi na kielekezi kimoja, yaani namba inayoonyesha zamu ni ya nani. Katika kila fremu kielekezi kiwaruke wafu papo hapo, kimsogeze aliye hai anayefuata, kisimame. Kikipoteza fremu kwa kila mfu, mzunguko wa kuipitia orodha nzima utabaki fremu 55 hadi mwisho na mchezo utapooza.

Ukingoni ndipo wengi hukwama. Mvamizi akigusa ukingo wa skrini, kundi hushuka na kugeuka, lakini usigeuze mwelekeo hapohapo. Weka alama, ugeuze mzunguko ukiisha. Bila hivyo baadhi watashuka, wengine watabaki juu, na kundi litasambaratika. Tena usiitegemee skrini kuhesabu fremu: skrini ya hezi 120, yaani inayoonyesha picha 120 kwa sekunde, itaukimbiza mchezo mara mbili. Limbikiza muda unaopita, uendeshe fremu moja kila inapotimia sehemu ya 1/60 ya sekunde.

Kilichopangwa hasa ni ule mdundo wa noti nne unaosikika wavamizi wakisogea. Hapo programu huhesabu wavamizi waliobaki, kisha huchukua kwenye jedwali muda wa kusubiri kabla ya noti inayofuata. Mwandishi wenu angeusema mdundo, nisingekuwa na la kumpinga.

Msomaji wenu