Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Tupeni betri inayoingia pikipiki zote

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi,
Jumba la Transcom, Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mwendesha bodaboda wa Kayole, na pikipiki yangu ni ya umeme. Sikuwahi kupinga mpango wa Serikali, niliufuata. Septemba 2023, petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita, niliuza pikipiki yangu ya mafuta nikachukua ya umeme kwa mkopo. Mwezi huo huo Rais aliendesha mwenyewe gari dogo la umeme hadi KICC kwenye Mkutano wa Afrika wa Tabianchi, nasi tukamwona kwenye runinga. Mwaka huo Serikali ilitangaza kuwa pikipiki 200,000 za umeme zitakuwa barabarani kabla 2024 haijaisha. Nilisadiki, na nikawashawishi wenzangu wa steji.

Nakuandikia kwa sababu ya yaliyonipata wiki iliyopita kwenye Barabara ya Kangundo. Nilikuwa nimembeba mama mjamzito kutoka Ruai kwenda hospitali ya Mama Lucy, usiku, uchungu umeshamshika. Tulipofika Njiru betri ilikuwa imebaki baa moja. Kituo cha kubadilishia betri cha kampuni iliyoniuzia pikipiki kilikuwa giza. Stima ilikuwa imepotea kwenye laini yao tangu jioni, na betri zote ndani zilikuwa tupu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kituo cha kampuni nyingine, taa zinawaka, betri zimejaa kabatini. Nilivuka nikamwomba kijana wa zamu anisaidie, nilipe bei yoyote. Alikuwa mtu mwema. Alinionyesha kwamba plagi zao si kama zetu, kwamba betri yao ni pana kuliko nafasi iliyo kwenye pikipiki yangu, na kwamba hata ingeingia, mtambo wao haungeitambua pikipiki isiyo yao. Ikabidi mama yule ashuke, asimame kando ya lami akijishika tumbo, mpaka tukasimamisha bodaboda ya petroli.

Alifika salama na mtoto ni mzima, Mungu asifiwe. Asingefika, Mheshimiwa, ni nani angejibu? Si kampuni, kwa sababu mkataba wao hauna neno juu ya abiria. Si kijana wa kituo. Ningejibu mimi, maana ndimi niliyemwambia apande.

Watu wa ofisini wanaweza kudhani hili ni tatizo la usiku mmoja. Ni maisha yetu ya kila siku. Betri si yangu, ni ya kampuni, mimi nanunua chaji tu. Nikipata mteja wa Kitengela au Thika namkatalia, kwa kuwa najua nikiishiwa huko sina pa kubadilisha. Mwenzangu wa petroli anamchukua, anarudi na pesa, na njiani ameweka mafuta pampu yoyote aliyotaka bila kuulizwa pikipiki aliuziwa na nani. Foleni ya kituo changu asubuhi inakula saa nzuri za kazi, wakati watu wanakimbilia mjini. Wakati huo deni la kila siku haliningoji. Nikichelewa kulipa, pikipiki inazimwa kutoka ofisini kwao nikiwa nimeikalia. Karo ya watoto wangu wawili iko ndani ya foleni ile. Na siku kampuni ikifunga biashara, au ikiamua tu kwamba Kayole hailipi na kuondoa vituo vyake, nitabaki na chuma kisichosonga na mkopo ambao bado unadaiwa. Wenzangu kadhaa tayari wamerudi kwenye petroli. Siwezi kuwalaumu, na wale niliowashawishi mimi mwenyewe siwezi hata kuwatazama machoni.

Linaloniuma zaidi ni kwamba jambo lenyewe ni zuri. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Loiyangalani na jua. Ziko nchi ambako gari la umeme linakula makaa ya mawe kwa mlango wa nyuma. Kwetu pikipiki ya umeme inapunguza hewa ya ukaa kwelikweli. Usiku, nchi ikilala, mvuke wa Olkaria umekuwa ukiachiliwa hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia, na usiku ndio wakati wa kuchaji betri. Mwaka 2023 iliwekwa bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa ambazo matumizi yako chini. Bodaboda nchini zimepita milioni moja, na nyingi zinazunguka kutwa nzima katika miji ambamo watoto wetu wanavuta moshi wake. Ukitaka kusafisha usafiri wa Kenya, hakuna pa kuanzia pazuri kuliko hapa.

Kwa nini basi betri hazishirikiani? Hatujaambiwa, kwa hivyo ninakisia. Nadhani kila kampuni inataka kutufunga kwake, kwa sababu faida haiko kwenye pikipiki, iko kwenye betri tunayorudi kuibadilisha kila siku. Nadhani pia Wizara imeogopa kuwabana mapema wasije wakaondoa mitaji yao. Hilo la pili naweza kulielewa. Lakini woga huo tunaulipia sisi tulio chini kabisa.

Wala usiambiwe haliwezekani. Huko Japani, Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki, washindani wa tangu zamani, waliunda umoja mwaka 2019, na mwaka 2021 wakakubaliana vipimo vya pamoja vya betri ya kubadilisha. Na tusiende mbali. Hapa kwetu kulikuwa na wakati ambapo wa M-Pesa na wa Airtel Money hawakuweza kutumiana pesa moja kwa moja. Mwaka 2018 mitandao ikaunganishwa, na hakuna kampuni iliyokufa. Iliwezekana kwa pesa, kitu ambacho watu hukilinda kuliko vyote. Kwa betri kuna nini?

Mkakati wa Serikali wa mwaka 2020 wa matumizi bora ya nishati ulisema kufikia 2025 asilimia 5 ya magari yanayosajiliwa yatakuwa ya umeme. Machi 2024 Wizara yako ilizindua rasimu ya sera ya usafiri wa umeme. Nasikia pia watu wakisifu Kigali, ambako tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi tena kubeba abiria. Nami naisifu Kigali. Lakini nakusihi, usituletee marufuku ya petroli kabla hujatuletea betri inayoingia kwenye pikipiki zote. Ukitanguliza marufuku utatukabidhi mikononi mwa kampuni, na tutakapolia hakutakuwa na bodaboda ya petroli ya kumbeba mama wa Ruai.

Nina maombi mengi: bei ya chaji ishuke usiku umeme unapokuwa nafuu, mikopo iangaliwe, kampuni zikatazwe kuzima pikipiki ikiwa na abiria. Hayo yote yanaweza kungoja. Hili moja haliwezi. Kaa na Shirika la Viwango, KEBS, na mamlaka ya nishati, EPRA, waite wenye kampuni wote chumba kimoja, muandike vipimo vya betri moja: ukubwa wake, plagi yake, lugha inayozungumza na pikipiki. Kisha mseme kwamba pikipiki yoyote mpya ya umeme itakayosajiliwa baada ya siku fulani lazima iikubali betri hiyo, na kituo chochote lazima kimhudumie yeyote anayelipa. Kampuni zishindane kwa bei na kwa huduma. Na sisi wenye pikipiki za zamani mtutafutie njia ya kubadilishiwa, maana tulikuja mlipotuita.

Sikuombi kamati, Mheshimiwa Waziri, wala ziara ya kutembelea steji yetu, ingawa ukija tutakupokea kwa heshima zote. Naomba tarehe. Itaje hadharani siku ambayo betri ya kampuni moja itaingia kwenye pikipiki ya kampuni nyingine, sheria ikiwa nyuma yake. Ikiwa ni mwaka kesho, sema mwaka kesho, niende nikaongee na aliyenikopesha. Tunaomba tarehe tu.

Wako mtiifu,
Mwendesha bodaboda ya umeme,
Kayole, Nairobi.