Jumamosi: chembe ndani ya fuwele kimiminika

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa 3 asubuhi tukutane Mlimani, tufuatilie chembe kwa hadubini ndani ya fuwele kimiminika (liquid crystal), kimiminika ambacho molekuli zake zimejipanga, jamii ya vitu vilivyomo kwenye vioo vya televisheni. Majini chembe husambaa sawa pande zote. Ndani ya fuwele kimiminika molekuli zimeelekea upande mmoja, kwa hiyo chembe hutembea haraka zaidi zikifuata mpangilio huo kuliko zikiukata. Natamani sana kila mtu alione hilo mwenyewe! Tutapima wastani wa mraba wa umbali ambao chembe zimesogea kwa kila upande, ili tuone zinasambaa haraka kiasi gani, njia ya Einstein ya 1905. Sampuli ni 5CB, aina mojawapo ya fuwele kimiminika. Ikifika nyuzi 35 hivi mpangilio unavunjika, na joto la Dar mnalijua, basi tuwahi. Mwenye laptopu aje nayo na chaja.