Risala ya Wakurufunzi wa Umeme kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Maonyesho ya Chuo, Nairobi

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi wetu, wageni waalikwa na wakurufunzi wenzetu, hamjambo!

Sisi wakurufunzi wa mwaka wa tatu, idara ya umeme, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua kazi yako ya kulinda seva, zile kompyuta zinazotunza na kuhudumia data za wengi, haina Jumamosi wala sikukuu, na kwamba saa hizi ulizotupa umezikata kwenye usingizi wako baada ya zamu ya usiku. Ahsante sana, Mhandisi.

Mradi wetu wa mwaka huu ni huo uliofunikwa shuka la buluu nyuma yako: raki moja, yaani kabati la seva, seva mbili kuukuu, UPS, yaani mtambo wa betri unaoshikilia umeme stima ikipotea, changeova ya otomatiki, swichi inayohamia jenereta yenyewe, na huko nje dirishani jenereta ndogo ya dizeli. Pamoja na hayo tumefunga taa. Tangu asubuhi watu wengi wametuuliza taa zinatafuta nini katika mradi wa seva. Seva haina macho, wanasema, inaweza kufanya kazi gizani mwaka mzima. Ni kweli. Mwenye macho ni fundi, na risala yetu inamhusu yeye.

Mwaka jana, watatu kati yetu tulikuwa mafunzoni katika jengo moja la ofisi hapa jijini. Jioni moja, yapata saa moja, stima ikapotea. UPS ikapokea mzigo, yaani vifaa vyote vinavyokula umeme, papo hapo na seva hazikushtuka. Jenereta ikajaribu kuwaka, ikakohoa mara tatu, ikanyamaza. Taa za chumba cha seva nazo zilizima zote, kwa sababu mchoraji wa jengo alizifunga kwenye ubao uleule wa umeme wa taa za korido, ambao haukupitia UPS wala jenereta. Kioo cha UPS kiliandika dakika 14.

Mimi ninayesoma risala hii ndiye niliyeshika tochi ya simu. Fundi wa zamu aliibana simu yake kwa meno ili mikono yote miwili iwe huru, akainamia ubao wa breka, akakuta majina yameandikwa kwa kalamu iliyofifia. Tulitafuta ufunguo wa kibanda cha jenereta kwenye droo tatu. Tulipofika huko, tuliona vichwa vya betri ya starta, ile inayoiwasha injini, vimefunikwa unga mweupe wenye ukijani, mnene kama ukoko wa ugali. Tukaanza kuukwangua kwa kisu. Dakika zikatuishia tukiwa bado tunakwangua. Jenereta iliwaka seva zikiwa zimeshazima, na asubuhi yake watu wa ofisi hiyo walikuta data za siku nzima zimeharibika.

Baadaye tulikaa chini tukahesabu. Kukwangua hakukuchukua hata dakika nne. Muda uliobaki wote tuliutumia kupapasa gizani.

Mheshimiwa, hapo ndipo tulipoelewa dakika za UPS ni za nani. Jenereta nzima ikiwaka vizuri hubeba mzigo ndani ya sekunde 10 hadi 15. Kwa hesabu hiyo betri za nusu dakika zingetosha. Tunaweka betri za dakika 10 au 15 kwa sababu jenereta inaweza kugoma, na ikigoma lazima mtu atembee, aangalie, asome, ajaribu tena, au azizime seva kwa utaratibu. Dakika hizo zimenunuliwa kwa ajili ya binadamu, na kwa bei kubwa. Kumnunulia binadamu dakika kisha kumnyima mwanga ni kuzimwaga.

Ndiyo maana tulianza mradi wetu na taa. Kiwango cha Marekani cha vituo vya data, yaani majengo ya kutunzia seva, kiitwacho TIA-942 kinataka lux (kipimo cha mwanga) 500 kwenye ulalo na lux 200 kwenye wima, zipimwe mita moja juu ya sakafu, katikati ya vijia vya kati ya raki. Wengi wetu tulikuwa tukipima ulalo tu, kama darasani mwanga unapopimwa juu ya dawati. Lakini jina la waya halilali mezani, limesimama kwenye uso wa raki. Kwa hiyo tulizipanga taa juu ya kijia, si juu ya raki, kwani taa iliyo juu ya raki huangazia paa lake na kuacha kivuli pale fundi anapochomeka waya. Kiwango hicho hicho kinakataza taa kuchukua umeme kwenye ubao mmoja na mitambo ya mawasiliano, na kinakataza swichi za kufifisha mwanga. Kinapendekeza pia ngazi tatu: mwanga kidogo wa kutosha kamera chumba kikiwa kitupu, mwanga zaidi mtu anapoingia, na mwanga kamili anapofanya kazi. Sisi tumetumia sensa za mwendo na taa za LED, maana kila wati ya taa huishia kuwa joto, na joto hilo hulipiwa mara ya pili kwenye mitambo ya kupoza.

Taa za dharura zilitupa kazi kubwa zaidi. Kiwango cha Ulaya, EN 1838, kinataka angalau lux 1 kwenye njia ya kutokea. Tulifunga pazia za ukumbi huu usiku, tukapima lux 1 kwa kipima mwanga, tukamwita mwenzetu mmoja asome jina la breka. Mlango aliuona. Jina hakuliona. Kwa hiyo mwanga wa kumtoa mtu nje hautoshi kwa anayetakiwa kubaki ndani na kuokoa kazi. Tuliongeza taa tatu zenye betri zake zenyewe: moja mbele ya ubao wa breka, moja kwenye UPS, na moja kibandani kwa jenereta, juu ya betri ya starta. Zote tatu tulizilipa kwa michango yetu, na kama zingekuwamo katika jengo lile, tunaamini seva zile zisingezima.

Kuhusu jenereta, tuna jambo ambalo tungependa kila mnunuzi wa Nairobi alijue. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi. Injini ya dizeli isiyo na turbo, yaani pampu ya kuisukumia hewa, hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Jenereta ya kilowati 100 iliyohesabiwa kwa Mombasa, ikifika hapa hubaki na kama kilowati 83. Zenye turbo zina afadhali, hupoteza pungufu ya hapo, lakini nazo zina jedwali lake, na jedwali hilo lisomwe kabla ya hundi kuandikwa.

Jambo jingine ni majaribio. Majengo mengi huiwasha jenereta kila wiki bila mzigo, ikanguruma dakika chache, ikazimwa, na kitabu kikatiwa sahihi. Injini ya dizeli inayokimbia bila mzigo haipati joto la kuchoma mafuta yote, na masizi yenye mafuta huganda ndani mpaka ekzosi ikachuruzika weusi. Kanuni ya Marekani, NFPA 110, inataka dakika 30 kila mwezi kwa mzigo usiopungua asilimia 30 ya uwezo wake. Tangi nalo lina mambo yake: maji hukusanyika chini, vijidudu huota ndani ya dizeli, na chujio huziba siku ile ile unapoihitaji. Uptime Institute, wanaopanga madaraja ya vituo vya data, wanataka mafuta ya saa 12 yawepo kiwanjani, na sisi tunasema yawe mafuta masafi.

Mheshimiwa, haya si mambo ya mbali. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru kwenye Mto Tana, mitambo ikazidiwa, na nchi nzima ikabaki bila stima. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani tena, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikuwa na abiria waliokaa gizani kwa sababu jenereta ya akiba haikuwaka. Nayo M-Pesa ilianza 2007, na seva zake, zilizokuwa Ujerumani, zililetwa nyumbani 2015. Mama anayelipwa kwa simu pale Gikomba sasa anategemea stima ya hapa hapa, na betri za hapa hapa, na mafundi kama hawa walioketi mbele yako.

Tuna maombi mawili. La kwanza, idara yetu haina mtambo wa mzigo bandia, yaani mashine ya kula umeme wa jenereta wakati wa majaribio. Jenereta yetu tumeijaribu kwa kuunganisha hita za maji tulizoazima majumbani, na mama mmoja aliye hapa bado anaidai yake. Mtambo mmoja mdogo utawafundisha mamia ya vijana kujaribu jenereta inavyopaswa. La pili, vituo vya data vilivyoota kando ya Mombasa Road viko kilomita chache kutoka lango hili, lakini mkurufunzi huvipita kwenye matatu tu. Tunaomba utupokee, wawili wawili, hata kwa zamu za usiku, tuone betri, tuone mafuta, tuone giza lenyewe linavyopangiwa. Tutakuja na viatu vyetu vya usalama na vitambulisho vyetu, na hatutagusa kitu bila ruhusa.

Sasa shuka limeondolewa. Seva mbili zinaendesha saa ile unayoiona kwenye kioo. Swichi kuu ya ukumbi iko ukutani, mkono wako wa kushoto, yenye mpini mwekundu. Tumefunga pazia zote. Betri ya starta tumeichomoa waya mmoja makusudi, na mwenzetu yuko kibandani akisubiri bila tochi. Tunakuomba, Mheshimiwa, uinuke uizime.