Risala ya Umoja wa Wanafunzi wa Afrika Mashariki kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mhitimu wa chuo hiki na mjumbe wa bodi ya wahitimu; wahadhiri wetu; wazazi wetu mnaoishi mjini hapa; wanafunzi wenzetu.

Wakubwa shikamooni. Tunakushukuru, mheshimiwa, kwa kuja, ingawa unajua fika kwamba mgeni rasmi hualikwa ili aombwe.

Vyuo vya Wamarekani Weusi, kama hiki chetu hapa Marekani, vilitupokea Waafrika wakati vyuo vingi vya nchi hii havikutaka kumwona mtu mweusi darasani. Mbiyu Koinange alitoka Kiambu, Kenya, akafika chuo cha Hampton mwaka 1927. Kamuzu Banda wa Malawi alihitimu udaktari chuo cha Meharry mwaka 1937. Nnamdi Azikiwe, na baada yake Kwame Nkrumah, walisoma Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania. Majina haya tunatajiwa kila tunapokaribishwa, nasi tunayafurahia. Ila Nkrumah huyo huyo aliwahi kuuza samaki Harlem, mtaa wa New York, wakati wa likizo ili apate pesa. Leo angethubutu hivyo na viza ya mwanafunzi, yaani F-1, angejikuta uwanja wa ndege.

Sisi, bila kibali maalumu, tunaruhusiwa kazi za ndani ya chuo tu, tena zisizidi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Kazi zenyewe haba, na nyingine hulipwa kwa fedha za serikali kuu, ambazo mgeni hana haki nazo. Ruzuku ya Pell ya serikali kuu, inayowasomesha wenzetu wengi Wamarekani, sisi haituhusu. Ada inatoka nyumbani, kwa shilingi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ofisi ya wanafunzi wa kigeni ina mtu mmoja, mama tunayempenda sana. Yeye ndiye msaini wa I-20 zetu, yaani fomu za kuthibitisha kwamba sisi ni wanafunzi halali, yeye ndiye wa taarifa za SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, yeye ndiye wa kupokea wageni. Muhula uliopita aliugua. Mwenzetu mmoja alifiwa na baba yake Morogoro, na fomu yake ya I-20 haikuwa na sahihi ya safari, ile ya kumruhusu kurudi nchini. Akiondoka bila sahihi hiyo, kurudi ni bahati nasibu. Mazishi yakapita, matanga yakaanuliwa, yeye yuko bwenini na simu mkononi.

Hatumlaumu mtu. Mwaka 2023 serikali kuu yenyewe iliwaandikia magavana wa majimbo 16 kwamba vyuo vya Weusi vilivyotokana na sheria ya 1890 ya vyuo vya umma vya kilimo na ufundi vimepunjwa zaidi ya dola bilioni 12 katika miongo mitatu. Paa likivuja, chuo kitaziba paa kwanza. Hilo tunalielewa, na ndiyo maana maombi yetu si ya gharama kubwa.

Kwanza, ateuliwe mtu wa pili wa kusaini I-20, hata kama ni mfanyakazi aliyepo tayari. Sheria inaruhusu.

Pili, Desemba mabweni hufungwa pamoja na kantini. Mwenye shangazi jimbo la Maryland huenda kwa shangazi; asiye naye hulala sakafuni kwa watu. Tunaomba bweni moja tu libaki wazi. Usafi tutafanya wenyewe.

Tatu, utusaidie kuwashawishi wahitimu wachangie mfuko wa dharura. Tumeuanzisha kwa pesa za sambusa tulizouza siku ya tamasha, na daftari la mapato liko kwa mweka hazina, hapo mbele, tayari kukaguliwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama.