Malalamiko: mota ya kioo iliyobadilishwa bila kupimwa

Kwa: Meneja wa Huduma kwa Wateja

YAH: KIOO CHA MLANGO WA NYUMA WA KUSHOTO

Ndugu Meneja,

Siku nilipoleta gari kwenye gereji yenu nilimweleza kijana wa mapokezi jambo moja, na nikalirudia mara mbili: kioo cha mlango wa nyuma wa kushoto hakipandi mlango ukiwa umefungwa, lakini nikiuachia mlango kidogo na kubonyeza swichi, kinapanda bila kusita mpaka juu. Kwenye karatasi ya kazi aliandika maneno manne: "Kioo cha nyuma kibovu." Yote ninayolalamikia yameanzia hapo.

Gari langu lina miaka 19. Kioo kibovu pekee hakiwezi kunishangaza, wala sikuja kwenu nikitegemea muujiza. Nilikuja kwa sababu mna vifaa vya kupimia na mafundi wa umeme, na nilijua kwamba dalili niliyowapa ilitosha kumwonyesha fundi pa kuanzia. Mota inayopandisha kioo kwa nguvu zake zote mlango ukiwa wazi si mota mbovu. Kinachobadilika kati ya mlango uliofunguliwa na mlango uliofungwa ni kitu kimoja: jinsi nyaya zinavyokunjwa ndani ya ule mpira mweusi ulio kati ya mlango na nguzo ya katikati ya gari. Mlango ukifunguliwa na kufungwa kwa miaka 19, nyaya hizo hupindwa mahali palepale maelfu ya mara. Nyuzi za shaba hukatika mmoja mmoja ndani ya ganda la plastiki, na kwa nje huoni kitu.

Jioni nilipigiwa simu kwamba kazi imekwisha. Mlikuwa mmebadilisha mota pamoja na mashine nzima ya kupandishia kioo. Nililipa, nikajaribu kioo mbele ya fundi, kikapanda. Nilipoomba kifaa cha zamani nikaambiwa kimeshatupwa. Hilo lilinikera siku ileile, na bado linanikera: kilikuwa mali yangu, na ndicho ambacho kingetuonyesha leo kama kweli kilikuwa kibovu.

Siku ya tatu kioo kilishuka, kikagoma kupanda. Ilikuwa usiku, mvua inanyesha, na mama yangu, mtu mzima sana, amekaa kiti cha nyuma upande ule. Nilisimamisha gari, nikafungua mlango nusu, nikabonyeza swichi huku maji yakiniingia shingoni. Kioo kikapanda. Dalili ilikuwa ileile niliyowaeleza mapokezi, sasa ikiwa kwenye mota mpya.

Kesho yake niliwapigia simu. Aliyepokea alinijibu kwamba gari likishazeeka mambo hayo ni ya kawaida, na akashauri nilete gari ili swichi nayo ibadilishwe. Sikulileta. Nilikaa na jirani yangu anayejua umeme wa magari, tukatafuta wenyewe, na ninaeleza hatua zetu ili fundi wenu azikague moja baada ya nyingine.

Fyuzi tuliiondoa kwenye orodha mapema, maana kwenye gari hili vioo vyote vinne vinatumia moja na vitatu vilikuwa vinafanya kazi. Kitufe cha dereva cha kuzuia vioo vya nyuma nacho hakikuwa na kosa, kwani kioo cha nyuma cha kulia kilikuwa kinatii. Tulibadilishana swichi za milango miwili ya nyuma. Ugonjwa haukuhama na swichi, ulibaki kushoto. Tukavua paneli ya ndani, tukachomoa plagi ya mota na kupima mlango ukiwa umefungwa: mita ilionyesha volti 12. Naamini fundi wenu, kama alipima, aliishia hapa. Umeme umefika, kwa hiyo mota ndiyo mbovu. Lakini mita haivuti mkondo wa maana, na uzi mmoja wa shaba uliobaki unatosha kuionyesha volti zote 12. Tuliporudisha plagi na kupima kwa nyuma yake huku swichi imebonyezwa, zilishuka chini ya 3. Mota inahitaji mkondo mkubwa, na uzi mmoja hauwezi kuupitisha.

Tukauvuta ule mpira. Waya unaopeleka umeme kwenye swichi ya mlango ule ulikuwa umekatika, nyuzi zake zimeota kutu ya kijani, na uliobaki umeshika ni mmoja au miwili. Tulikata sehemu mbovu, tukaunga waya wa unene uleule kwa risasi, tukaufunika na kuurudisha. Tangu siku hiyo kioo kinapanda mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa.

Kuna jambo la pili, na kwangu hili ni zito zaidi kwa sababu uharibifu huu haukuwepo kabla ya gari kufika kwenu. Tulipovua paneli tulikuta karatasi ya nailoni inayobandikwa kwenye bati la mlango imechanwa na kuachwa ikining'inia. Mvua ikinyesha, maji huteremka kwenye kioo na kuingia ndani ya mlango. Hivyo ndivyo mlango ulivyotengenezwa, na maji hayo hutokea kwenye matundu ya chini. Kinachoyazuia yasiingie ndani ya gari ni hiyo nailoni. Sasa zulia la nyuma limelowa hadi kwenye sponji, na gari linanuka uvundo. Vibanio viwili vya paneli vimevunjika pia, na mlango unagonga kwenye barabara mbovu.

Ninaomba mnirudishie gharama yote ya mota, mashine na ufundi, kwa kuwa mlirekebisha kitu ambacho hakikuwa na ugonjwa. Ninaomba pia mlango ufungwe nailoni mpya kwa gundi inayostahili, vibanio vibadilishwe, na zulia litolewe likaushwe kabla bati la sakafu halijaanza kuliwa na kutu, yote kwa gharama zenu. Mota mpya mkiitaka, njooni muichukue, mradi mnifungie nyingine iliyo nzima. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Na lile jibu la simu, tafadhali lisirudiwe kwa mteja mwingine. Uzee wa gari ndio sababu ya kupima kwa makini zaidi. Sisi wenye magari ya zamani hatuna uwezo wa kununua vifaa kwa kubahatisha, na tunayajua magari yetu. Tukisema kioo kinapanda mlango ukiwa wazi, andikeni hivyohivyo kwenye karatasi.

Ninaambatisha risiti, nakala ya karatasi ya kazi na picha za zulia. Kipande cha waya tulichokikata nimekihifadhi kwenye bahasha, na nitakileta siku mtakayonipangia ili fundi aliyeshughulikia gari langu akione kwa macho yake.

Wenu,
Mteja, mwenye gari