Trekta la nyasi likigoma kuwaka, msikimbilie kununua stata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika safu hii kwamba shule na hoteli zirudi kwenye fyekeo, kwa kuwa matrekta ya kukatia nyasi, yale ya kukalia, "yanakufa msimu wa kwanza tu". Sina ugomvi na fyekeo. Kando ya mitaro na chini ya miti bado tunafyeka kwa mkono. Lakini uwanja wa mpira, uwanja wa netiboli na njia ya kuingilia, vyote kwa fyekeo wakati wa masika? Vijana wakimaliza upande wa goli moja, upande wa pili nyasi zimeshafika magotini.

Mimi ni msimamizi wa viwanja katika shule ya bweni nje kidogo ya mji wa Moshi, na kabla ya hapo nilifanya kazi gereji. Matrekta haya nimeyakuta nyuma ya stoo za watu, kuku wametagia kwenye kiti, na mengi hayakuwa mabovu kiasi hicho. Liligoma kuwaka, akaitwa mtu, akasema stata, ile mota ndogo ya umeme inayoizungusha injini ili iwake, imeungua. Ikanunuliwa stata kwa bei ya kuumiza, trekta likagoma tena, bodi ikachoka. Ninachosema ni hiki: kabla ya kununua chochote, sikilizeni trekta linafanya nini ufunguo unapozungushwa. Likiwa kimya kabisa, likitoa mlio tu, likizunguka bila kuwaka, au likizunguka nusu kisha likakwama, hayo ni matatizo manne tofauti, na stata inasingiziwa katika karibu yote.

Kimya ndicho kinachowatisha watu zaidi, na mara nyingi ndicho chepesi. Matrekta haya yametengenezwa yasipige stata mpaka pedali ya breki iwe imekanyagwa hadi mwisho na kishikio cha kuwashia visu kiwe kimezimwa. Kila kimoja kina swichi yake ndogo. Ile ya breki ina kitufe cha plastiki kisichozidi ncha ya kidole, na pedali isipofika chini sawasawa kitufe hakibonyei, umeme haupiti. Sasa lala chini uchungulie. Utakuta majani makavu yamechanganyika na udongo, yameganda chini ya pedali kama tofali. Unakanyaga, unadhani umefika, kumbe bado. Bisibisi ya kuchokolea na brashi vinatosha. Majani yakiwa safi na bado kimya, tafuteni fyuzi, kisha fuateni waya mmoja mmoja, maana panya wanapenda sana kujenga chini ya kiti, na waya ni chakula chao.

Kiti nacho kina swichi yake. Hii kwenye matrekta mengi haizuii stata. Dalili yake ni kwamba injini inawaka vizuri, ukiachia breki inazima papo hapo, kwa sababu trekta linaamini hakuna mtu aliyekaa. Soketi iliyochomoka chini ya kiti hufanya hivyo, na mtu mwembamba akirushwa na tuta naye huzimikiwa katikati ya uwanja.

Hapa ndipo nina kero. Aliletwa kwetu fundi kutoka mjini nikiwa likizo, na dawa yake ilikuwa kuunga swichi ya kiti dairekti: kipande cha waya, utepe mweusi, kazi imekwisha, alipwe. Trekta liliwaka, na kila mtu alimsifu. Wiki iliyofuata kijana wetu mmoja alishuka kwenda kuondoa tawi mbele ya trekta, akiamini visu vitasimama kama vilivyozoea kusimama anaponyanyuka. Havikusimama. Alisikia vinavuma karibu na mguu wake akaruka nyuma. Nilikata ule waya siku niliyorudi, na swichi mpya iligharimu kidogo kuliko ujira aliolipwa yule bwana. Marekani, tangu mwaka 1982, kanuni inataka kisu cha mashine ya kusukuma kisimame ndani ya sekunde 3 mtu akiachia mpini. Hiyo ni mashine ndogo ya kutembea nayo. Fikirieni hili lenye visu viwili au vitatu, na mtu amekwishashuka. Fundi akiwaambia "nimeipiga dairekti", msimlipe.

Tuje kwenye mlio. Likisema "ta-ta-ta-ta" haraka haraka, betri imechoka au imelala. Likisema "ta!" moja na kunyamaza, umeme umefika kwenye solenoidi, ile swichi inayopeleka umeme mkubwa kwenye stata, lakini hausongi mbele kwa nguvu inayotakiwa. Hapo nunueni mita ya kupimia volti, hata ile ya bei ndogo kabisa ya dukani kwa vifaa vya umeme. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma karibu volti 12.6. Ikishuka hadi 12 au chini, ichajini kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine. Lakini kipimo cha kweli ni wakati mtu anapiga stata: ikianguka chini ya volti 9.6 hivi, betri hiyo haibebi mzigo hata kama ikiwa imetulia inasoma vizuri. Wengi hukosea hapo. Wanapima betri ikiwa imetulia, wanasema nzima, wanageukia stata.

Betri ikipita mtihani huo, angalieni waya wa hasi pale ulipofungwa kwenye chesisi. Rangi na kutu chini ya boliti vinatosha kuzuia umeme wa stata. Gusisheni ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani. Fungueni, pigeni msasa mpaka chuma king'ae, fungeni tena. Ndugu zetu wa pwani, kwa ile hewa ya chumvi, hili liwahusu mara mbili.

Likizunguka vizuri bila kuwaka, mara nyingi ni petroli, na sitakaa sana hapo. Petroli iliyokaa tangini zaidi ya mwezi mmoja huanza kuharibika na kuacha gundi ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Masika yakiisha trekta linaegeshwa tangi likiwa nusu, linaguswa tena vuli ikianza, halafu watu wanashangaa. Mwageni ile ya zamani, badilisheni filta ya mafuta, ondoeni plagi muitazame. Chini ya kabureta ya injini nyingi kuna solenoidi ndogo inayofungulia mafuta. Ufunguo ukifika "on" inatakiwa isikike ikigonga. Isipogonga, mafuta hayapiti hata kama kabureta imesafishwa mara tano. Na tafadhali, kazi hiyo ifanyike nje, injini imepoa, bila sigara.

Tatizo la nne ndilo lililojaza matrekta nyuma ya stoo. Ufunguo ukizungushwa, injini inazunguka kidogo, inafika mahali inakwama kana kwamba kuna mkono umeishika, kisha labda inapita, labda haipiti. Kila mtu anasema betri. Betri mpya ikifungwa inakwama vilevile, basi wanasema stata. Stata mpya nayo inahangaika, na safari hii mtu anatamka neno "injini", ndipo trekta linasukumwa kwenda kulala na kuku.

Kwenye injini ya silinda moja, pistoni inapopanda inabana hewa, na stata ndogo haina ubavu wa kuishinda hewa hiyo yote. Kwa hiyo kwenye kemshafti, mhimili unaofungua valvu (vilango vya kuingiza na kutolea hewa), kuna kifaa kinachosukuma valvu moja ifunguke kidogo sana wakati wa kupiga stata tu, hewa kiasi itoke. Injini ikishika mwendo, kifaa kinajiondoa chenyewe. Lakini uwazi huo ni mdogo mno. Nafasi ya valvu, yaani uwazi kati yake na mkono unaoisukuma, ikitanuka kwa kuchakaa, kifaa kinasukuma hewani tu, valvu haifunguki, na stata inakutana na mbano wote. Dawa ni kufungua kifuniko cha valvu, kuizungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ipite kilele cha mbano kama milimita 6, na kurekebisha nafasi kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia uwazi. Kwenye injini yetu valvu ya kuingiza inataka kati ya milimita 0.08 na 0.13, ya kutolea kati ya 0.13 na 0.18. Yenu fuateni kitabu chake. Spana mbili, fila geji na gasketi ya kifuniko kama ya zamani imechanika. Hakuna kingine cha kununua.

Wakuu wa shule na mameneja wa hoteli, mkiletewa karatasi ya kuomba stata mpya, kabla ya kusaini muulizeni fundi mambo mawili: betri ilisoma volti ngapi wakati stata inazunguka, na nafasi ya valvu aliikuta ngapi. Akikosa namba hizo, mrudishieni karatasi akapime. Sisi valvu tunazipima Februari, kabla mvua hazijaanza, asubuhi, injini ikiwa ya baridi, ufunguo umechomolewa na waya wa plagi umetolewa.

Msimamizi wa viwanja,
Moshi